Kanda Imekaa Wapi? Namna ya Kupima Muda wa Kila Hatua ya Kazi

Kila mwaka wanafunzi wa isimu hurudi kutoka vijijini na mitaani wakiwa na sauti mpya ndani ya simu zao: hadithi, methali, masimulizi ya wazee, maongezi ya sokoni. Na kila mwaka mtu huuliza: zile za mwaka jana zimefika wapi? Jibu ni "zinashughulikiwa". Hakuna anayedanganya. Lakini jibu hilo halimsaidii mtu yeyote, kwa sababu halisemi kazi iko kwa nani, imekaa kwake tangu lini, wala inangoja nini.

Katika makala hii nitaeleza namna ya kulifanya jibu hilo liwe tarehe. Njia yenyewe ni nyepesi: kuandika siku ambayo kazi imeingia katika kila hatua na siku ambayo imetoka, kisha kutoa tarehe kwenye tarehe. Viwandani na kwa watengenezaji wa programu za kompyuta jambo hili limezoeleka. Kwetu sisi wa lugha bado ni geni, ingawa naamini tunalihitaji kuliko wao, maana kitu kinachongoja kwenye foleni yetu ni sauti ya mtu.

Hatua za kanda moja

Nitasema "kanda" kwa mazoea, ingawa leo ni faili la sauti. Kanda moja ya masimulizi, kabla haijawa kitu ambacho mtafiti mwingine anaweza kukitumia, hupita hatua kama hizi: kurekodi, kuhifadhi na kulipa faili jina, unukuzi, yaani kuandika kila neno lililosemwa, uhakiki pamoja na mzungumzaji, tafsiri, uchanganuzi wa mofimu, na mwisho kuwekwa katika hifadhi.

Hatua inayosemwa sana ni unukuzi, na si bure. Aliyewahi kukaa mbele ya ELAN, ile programu ya bure iliyotengenezwa Nijmegen huko Uholanzi, anajua kwamba dakika 1 ya sauti inaweza kumla mtu saa nzima, hasa kama wazungumzaji ni wawili na wanaingiliana maneno. Ukiongeza toni, kazi inazidi. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni, lakini Kiluba na Kibemba hutofautisha, na mnukuzi asiye na sikio zuri la lugha hizo hurudia sehemu moja mara kumi. Kwa hiyo kazi ikichelewa, wote husema kwa sauti moja: "Ni unukuzi." Huenda ni kweli. Lakini bila tarehe, hayo ni maoni tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na kazi nayo ni mali.

Kile ambacho -na- inakificha

Hapa isimu yenyewe inatusaidia. Tazama sentensi hii: "Nyumba ile inajengwa." Kila mkazi wa Lubumbashi anajua nyumba ya namna hiyo. Imefika kwenye madirisha, majani yameota ndani, watoto wanachezea mpira sebuleni, na fundi hajaonekana tangu miaka mitatu. Hata hivyo ukimwuliza jirani, atajibu bila kusita: "Inajengwa." Naye hajakosea sarufi. Kiambishi -na- kinasema kwamba jambo limeanza na halijafika mwisho. Hakisemi kama leo kuna mtu aliyeshika mwiko.

Ndivyo ilivyo kwa kanda. "Inanukuliwa" inaweza kuwa na maana kwamba mwenzetu amevaa visikilizio sasa hivi, na inaweza kuwa na maana kwamba faili limelala kwenye kompyuta yake tangu mwezi wa pili. Hali hizi mbili ni tofauti kabisa kwa yule anayetaka kuisaidia kazi isonge, lakini -na- inazifunika kwa kitambaa kimoja.

Kiambishi -me- kina tabia nyingine. "Imefika", "imeanzwa", "imetoka": kila moja inataja mlango ambao kazi imekwisha kuuvuka, na mlango una siku yake. Huwezi kuuliza "inanukuliwa tarehe ngapi?" na kupata jibu moja, lakini unaweza kuuliza "imefika tarehe ngapi?" Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni hii: daftari la kufuatilia kazi liandikwe kwa -me-, si kwa -na-.

Tarehe tatu kwa kila hatua

Wengi wanaoanza kufuatilia kazi huandika tarehe mbili tu, ya kuingia na ya kutoka. Ni hatua nzuri, lakini inachanganya vitu viwili: muda ambao kazi ilingoja na muda ambao kazi ilishikwa. Mimi napendekeza tatu:

Imefika: siku ambayo hatua iliyotangulia imeikabidhi.
Imeanzwa: siku ambayo mtu ameishika kwa kweli.
Imetoka: siku ambayo ameikabidhi mbele.

Kati ya "imefika" na "imeanzwa" ni muda wa kungoja. Kati ya "imeanzwa" na "imetoka" ni muda wa kushikwa. Kila mlango wa kutoka ni mlango wa kuingia kwenye hatua inayofuata, kwa hiyo tarehe haziachi pengo katikati.

Tuchukue mfano. Nimeutunga ili hesabu ionekane: kanda ya dakika 20, masimulizi ya mzee mmoja kwa Kihemba, kuanzia siku iliporekodiwa hadi tafsiri ilipomalizika.

Kuhifadhi: imefika 2025-02-03, imeanzwa 2025-02-03, imetoka 2025-02-04. Kungoja siku 0, kushikwa siku 1.
Unukuzi: imefika 2025-02-04, imeanzwa 2025-02-25, imetoka 2025-03-07. Kungoja siku 21, kushikwa siku 10.
Uhakiki na mzungumzaji: imefika 2025-03-07, imeanzwa 2025-04-18, imetoka 2025-04-19. Kungoja siku 42, kushikwa siku 1.
Tafsiri: imefika 2025-04-19, imeanzwa 2025-04-26, imetoka 2025-05-01. Kungoja siku 7, kushikwa siku 5.

Jumla ni siku 87. Kati ya hizo, siku 17 tu kanda ilikuwa mikononi mwa mtu. Siku 70 ilikuwa mlangoni.

Nimeandika tarehe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Si mapambo. Sisi tumezoea kuanza na siku kama Wafaransa, lakini kompyuta nyingi zimewekwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia. Ukiandika 03/04, kompyuta moja itasoma tarehe 3 mwezi wa nne, nyingine itasoma tarehe 4 mwezi wa tatu, na hesabu yako itaharibika bila onyo. Mpangilio wa mwaka, mwezi, siku ndio uliowekwa na kanuni ya kimataifa ISO 8601, na una faida nyingine: ukizipanga tarehe kwa herufi, zinajipanga zenyewe kwa wakati.

Hesabu inasema nini

Turudi kwenye mfano. Tukiuliza ni hatua ipi ilichukua siku nyingi za mkono, jibu ni unukuzi: siku 10 kati ya 17. Tukiuliza kanda ilikaa wapi zaidi, jibu linageuka: ilikaa kwenye uhakiki siku 43, ambazo 42 kati yake zilikuwa za kungoja mtu apate nauli na nafasi ya kurudi kwa mzee.

Sasa tuseme tumepata fedha kidogo. Tukizitumia kununua kompyuta nzuri ili unukuzi uende mara mbili, tutaokoa siku 5 za kushikwa, na pengine foleni ya unukuzi nayo ipungue. Lakini kanda zitakazotoka haraka huko zitakwenda kurundikana mlangoni pa uhakiki, kwa kuwa safari za kwenda kwa wazee hazijaongezeka. Tukizitumia fedha hizo hizo kuweka safari ya uhakiki kila baada ya wiki mbili, kungoja hakutazidi siku 14. Siku 42 zinakuwa 14 au pungufu. Jumla ya 87 inashuka hadi 59 au chini yake. Fedha ni zile zile, matokeo ni mbalimbali, na kilichotuongoza ni safu tatu za tarehe.

Kanda moja lakini haitoshi kuamua. Baada ya kanda kumi au kumi na tano, zipange siku za kila hatua kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ile ya katikati. Wastani wa kawaida huyumbishwa na kanda moja iliyokaa mwaka mzima kwa sababu mnukuzi aliugua. Namba ya katikati haiyumbishwi hivyo. Kisha angalia kwa ajili ya ahadi: kanda 8 kati ya 10 zilitoka ndani ya siku ngapi? Namba hiyo ndiyo ya kumwambia mwalimu anapouliza kazi itakuwa tayari lini.

Jambo moja zaidi: kanda ikirudishwa kutoka uhakiki kwenda unukuzi, usifute tarehe za kwanza. Fungua mstari mpya. Kurudi nyuma ni habari. Kanda zikirudi mara nyingi, huenda wanukuzi hawajapatana juu ya tahajia, na dawa yake ni kukaa pamoja nusu siku na kuandika kanuni za tahajia kwenye ukurasa mmoja.

Orodha ya -ja-

Kuna mtego ambao wengi hawauoni. Ukihesabu muda wa kanda zilizotoka tu, zile zilizokwama hazimo kwenye hesabu, kwa kuwa hazina tarehe ya kutoka. Kwa hiyo kadiri kazi inavyokwama vibaya, ndivyo hesabu inavyoweza kuonekana nzuri.

Hapa pia Kiswahili kina chombo chake. Tunatofautisha "haikunukuliwa" na "haijanukuliwa". Ya kwanza inafunga mlango: haikufanyika, basi. Ya pili inauacha wazi: bado, tunaitazamia. Kila Jumatatu andika orodha ya -ja-, yaani kanda zote zenye "imefika" lakini zisizo na "imetoka", na mbele ya kila moja andika umri wake: leo kutoa siku iliyofika. Zipange kutoka kongwe hadi changa. Aliye juu kabisa ndiye wa kuuliziwa kwanza. Na kama mmeamua kwa pamoja kwamba kanda fulani haitanukuliwa kamwe, kwa mfano kwa sababu upepo umefunika sauti yote, mwandike "haitanukuliwa" na sababu yake, ili isiendelee kujifanya inangoja.

Foleni na kanuni ya Little

Mwaka 1961 John Little, mtaalamu wa Marekani aliyefundisha chuo cha MIT, alichapisha uthibitisho wa kanuni ambayo leo inabeba jina lake. Kwa maneno yetu: idadi ya kazi zilizo ndani ya hatua, kwa wastani, ni sawa na kasi ya kazi kuingia mara muda ambao kila kazi hukaa humo. Kanuni inadai tu kwamba mambo yawe yametulia, yaani yanayoingia na yanayotoka yalingane kwa muda mrefu.

Kama kanda 12 ziko kwenye unukuzi, na kila wiki zinatoka 2 na kuingia 2, basi kila kanda itakaa hapo kwa wastani wiki 6. Huhitaji kumfahamu mnukuzi wala kusimama nyuma yake. Na kama kila wiki zinaingia 4 na kutoka 2, mambo hayajatulia, rundo linakua kila wiki, na hakuna juhudi ya mtu mmoja itakayolimaliza.

Kutokana na hapo kuna uamuzi mgumu kwa sisi tunaopenda safari. Kurekodi ni kutamu: unasafiri, unapokewa, unarudi na kitu mkononi. Unukuzi ni upweke. Ndiyo maana sisi hujaza mlango wa kwanza na kuukimbia wa pili. Huko Japani, kampuni ya Toyota chini ya mhandisi Taiichi Ohno ilitumia kadi ziitwazo kanban, neno ambalo katika Kijapani ni kibao au bango. Kadi zilikuwa na idadi maalumu. Pasipo kadi iliyorudi kutoka mbele, nyuma hapatengenezwi kitu kipya. Nasi tunaweza kujiwekea mpaka kama huo: kanda zinazongoja unukuzi zikifika idadi tuliyopatana, hakuna anayetoka kwenda kurekodi hadi rundo lipungue. Isipokuwa, bila shaka, mzee mwenyewe yuko hatarini. Hapo rekodi kwanza.

Kupima kazi, si kumchapa mtu

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni la haki: utafiti si kiwanda, na mawazo hayapimwi kwa saa. Nakubali. Kuna kanda ambayo mtu ataishika wiki tatu kwa sababu ameona ndani yake jambo la sarufi ambalo hakuna aliyeliandika, na wiki hizo ni za thamani. Lakini daftari hili halina ugomvi na muda wa kushikwa. Linatafuta muda wa kungoja, na sijaona wazo lolote linaloiva kwa faili kulala mlangoni.

Hatari ya kweli ni nyingine. Charles Goodhart, mwanauchumi wa Uingereza, alionya mwaka 1975 kwamba kipimo kikishatumiwa kuwatawala watu, huacha kuaminika. Ikiwa siku ambazo kanda imekaa kwangu zitatumiwa kunipa alama au kunisema mbele ya wenzangu, nitaandika "imeanzwa" siku ile ile ilipofika, hata kama sijaigusa. Daftari litapendeza na litakuwa la uongo. Kwa hiyo jina la aliyeishika kanda liandikwe ili kanda ipatikane, si ili mtu ahukumiwe. Swali la mkutano liwe "kanda inangoja nini?" na si "nani amechelewa?" Mara nyingi jibu la swali la kwanza ni nauli, umeme, betri, au mtu mmoja aliyepewa kazi tatu.

Kanuni hiyo hiyo inafaa kwa kazi zetu za mwisho wa masomo. Mwanafunzi husema sura yake imekaa kwa mwalimu. Mwalimu husema mwanafunzi hajarudisha masahihisho. Tarehe tatu kwenye ukurasa wa kwanza wa kila sura, zikitiwa na wote wawili, zingemaliza mabishano hayo kwa heshima.

Vyombo

Zipo programu zinazoandika tarehe zenyewe kila kazi inapohamishwa kutoka hatua moja kwenda nyingine. Jira ni mojawapo. Lakini zinahitaji intaneti, na megabaiti zina bei. Kaye moja yenye mistari inatosha kuanza: ukurasa mmoja kwa kila kanda, mstari mmoja kwa kila hatua, safu ya jina, safu tatu za tarehe, na safu ya maelezo. Mwenye kompyuta atumie Excel au LibreOffice Calc, ambamo kisanduku kimoja kikitolewa kwenye kingine hutoa idadi ya siku. Kaye ina ubora wake: umeme ukikatika, bado inasomeka.

Chagueni mtu mmoja wa kuitunza, na mtu huyo abadilike kila muhula. Kuandika tarehe kusizidi dakika moja. Kukizidi, watu wataacha.

Kwa nini haraka

Mwaka 1965, katika mji huu, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia iitwayo Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ilipofika 1990, Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliichapisha pamoja na tafsiri, na Walter Schicho akaongeza maelezo ya kiisimu. Kati ya miaka hiyo miwili ni miaka 25, na andiko lilingoja salama, kwa sababu lilikuwa karatasi. Maneno yalikuwa yameshaandikwa na mwenyewe.

Kanda isiyonukuliwa haingoji hivyo. Simu huibiwa, kadi ya kumbukumbu huharibika. Na hata faili likibaki zima, mwenye kujua maana anaondoka. Mnukuzi anafika dakika ya 7, anakuta neno la aina ya samaki wa Lualaba ambalo vijana hawalijui tena, na anaandika pembeni: "kumwuliza mzee." Kama uhakiki unafanyika baada ya wiki mbili, mzee atacheka na kueleza. Kama unafanyika baada ya miaka miwili, huenda tukakuta matanga. Alama ile ya kuuliza itabaki kwenye maandishi yetu daima, na hakuna programu itakayoiondoa.

Napendekeza tuanze na kanda kumi zilizo kongwe kuliko zote katika kitivo. Jumatatu ijayo mtu afungue kaye, aandike "imefika" ya kila moja kadiri inavyojulikana, ahesabu umri, na aziweke kwa mpangilio. Kisha tumtafute mzee wa kanda iliyo juu.